Saa Nyingi, Pampu Polepole

Mgonjwa wa figo anayeanza kusafisha damu nyumbani hupewa karatasi iliyojaa tarakimu. Kasi ya damu, mililita 300 kwa dakika au 350. Maji ya kusafishia, lita kadhaa. Halafu joto la mashine, kiwango cha potasiamu, kipimo cha heparini ya kuzuia damu isigande, ukubwa wa sindano. Karatasi hiyo ni cheti cha daktari sawasawa na kile kinachopelekwa famasi, ila hapa dawa yenyewe ni mpangilio wa mashine. Swali la kila anayeipokea ni moja: mpangilio upi unanifaa mimi? Mara nyingi mazungumzo juu ya swali hilo huelekea kwenye pampu, kwamba iongezwe kasi kiasi gani ili kazi iishe mapema. Kwa maoni yangu huko ni kuanzia mwisho. Ushahidi wa zaidi ya miaka 50 unaonyesha kwamba kuna mambo mawili yanayostahili kuamuliwa kabla ya mengine yote, nayo ni saa ambazo damu inasafishwa na idadi ya siku kwa wiki. Tarakimu nyingine zipangwe ili kuyatumikia hayo mawili.

Figo nzima hufanya kazi saa 168 kwa wiki. Mgonjwa anayekwenda kituoni mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, hupata saa 12. Mwanzoni mambo hayakuwa hivyo. Mwaka 1960 huko Seattle, Marekani, daktari Belding Scribner na wenzake walibuni mrija wa Teflon unaobaki mkononi ukiunganisha ateri na vena, na kwa mara ya kwanza mtu ambaye figo zake zimekufa kabisa akaweza kusafishwa damu tena na tena. Mgonjwa wao wa kwanza, Clyde Shields, aliishi miaka 11 baada ya hapo. Nafasi za hospitali zilikuwa chache na gharama kubwa, na kufikia mwaka 1964 Seattle na London walikuwa wameshaanza kupeleka mashine majumbani. Wagonjwa wa Stanley Shaldon wa London walisafishwa damu usiku wakiwa wamelala. Saa zilipunguzwa baadaye, vichujio vilipokuwa na nguvu zaidi na vituo vikaanza kuendeshwa kwa zamu tatu kwa siku. Anayesafisha damu kwake hana zamu inayomngoja nyuma yake. Huo ndio utajiri mkubwa wa nyumbani, na inasikitisha kuona mtu anarudi na mashine kwake kisha anaigeza ratiba ile ile ya kituoni.

Kilichorahisisha upunguzaji wa saa ni kipimo kinachoitwa Kt/V, ambacho Frank Gotch na John Sargent walikieleza mwaka 1985 baada ya kuchambua upya utafiti wa kitaifa wa Marekani. Hesabu yake si ngumu. K ni kiasi cha damu kinachosafishwa yurea kila dakika, t ni muda, na V ni maji yote yaliyomo mwilini. Ukizidisha viwili vya kwanza na kugawa kwa cha tatu, unapata picha ya sehemu ya mwili iliyosafishwa. Kwa anayesafishwa mara tatu kwa wiki, mwongozo wa Marekani wa mwaka 2015 unalenga 1.4 kila mara, na hautaki ishuke chini ya 1.2. Ni kipimo chenye manufaa, maana kinamfichua mgonjwa ambaye hasafishwi vya kutosha hata kama anajisikia vizuri. Lakini tazama kilivyojengwa: K na t vinazidishana, kwa hiyo ukiongeza kasi na kupunguza muda jibu halibadiliki. Kwenye karatasi, saa tatu za pampu kali na saa tano za pampu ya wastani zinaweza kutoa tarakimu moja. Mwili hauzioni kuwa sawa, na sababu ni kwamba yurea ni taka nyepesi inayotoka haraka, wakati maji na fosfeti havina tabia hiyo.

Tuanze na maji. Chukua mtu wa kilo 70 aliyeongezeka kilo 2.8 tangu aliposafishwa mara ya mwisho, jambo la kawaida kwa asiyekojoa. Kilo hizo ni lita 2.8 za maji zinazopaswa kutolewa. Ukizitoa kwa saa tatu, unavuta zaidi ya mililita 13 kwa kila kilo ya uzito wake kila saa. Ukiongeza saa moja tu, zinashuka kuwa 10. Akilala na mashine saa saba, hazifiki hata sita. Mwaka 2011 Jennifer Flythe na wenzake walionyesha kwamba waliovutwa zaidi ya 13 walikufa kwa wingi zaidi kuliko waliovutwa taratibu. Watafiti wa Uingereza nao, wakipiga picha za moyo wakati damu inasafishwa, waliona sehemu za misuli ya moyo zikipoteza nguvu kwa muda pale maji yanapotoka kwa kasi na presha inaposhuka. Maumivu ya misuli, kizunguzungu, kichwa kuuma na ule uchovu unaomlaza mgonjwa hadi kesho yake, vingi vinaanzia hapa. Maji ya kutolewa hukaa kwenye tishu na huhitaji muda kurudi ndani ya mishipa. Pampu ikiyavuta haraka kuliko yanavyorudi, presha huanguka. Ukiangalia kwa makini, hakuna kitufe cha mashine kinachotatua jambo hili isipokuwa saa. Mgonjwa naye ana kitufe chake, chumvi ya mezani, kwa kuwa chumvi ndiyo inayoleta kiu.

Fosfeti ni ngumu zaidi. Sehemu kubwa yake imejificha ndani ya seli na mifupa, na iliyomo kwenye damu ni kidogo. Katika saa ya kwanza au mbili kichujio hukomba hiyo kidogo, halafu kazi yote inategemea ile ya ndani inavyojitokeza, nayo hutoka kwa mwendo wake. Ni mithili ya nguo yenye doa sugu: kuifikicha kwa nguvu dakika kumi hakushindi kuiloweka usiku kucha. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa vipindi vifupi wanameza vidonge vya kuzuia fosfeti kila wanapokula, huku mifupa na mishipa yao ikiendelea kuharibika. Mwaka 1994 Robert Uldall na Andreas Pierratos walianzisha mpango Toronto, Canada, wa kusafisha damu nyumbani usiku, saa nane hadi kumi, takriban siku sita kwa wiki. Wagonjwa wao waliacha vidonge hivyo, na baadhi ilibidi waongezewe fosfeti kwenye maji ya kusafishia kwa sababu ilikuwa inapungua kupita kiasi. Pampu haikuwa kali. Usiku wanatumia kasi ya chini kuliko mchana. Huko Tassin, Ufaransa, Bernard Charra na Guy Laurent walishikilia saa nane mara tatu kwa wiki wakati wengine wanapunguza, na walio wengi kati ya wagonjwa wao waliishi bila vidonge vya presha.

Idadi ya siku ina uzito wake pia, na hapa kuna badiliko moja rahisi ambalo ningelitaka kwa kila mgonjwa wa nyumbani. Ratiba ya kituo ya mara tatu kwa wiki lazima iwe na pengo la siku mbili mfululizo, kwa kawaida mwisho wa wiki. Robert Foley na wenzake walichambua mwaka 2011 taarifa za wagonjwa zaidi ya 32,000 wa Marekani, wakakuta vifo na kulazwa kwa ajili ya moyo vinaongezeka siku inayofuata pengo hilo refu. Potasiamu imejaa, maji yamejaa, moyo umechoka. Mwili haujui kama leo ni Jumapili, na nyumbani hakuna sababu ya kulifuata pengo hilo. Kusafisha siku moja, kupumzika siku moja, bila kujali jina la siku, kunaongeza wastani wa nusu kipindi tu kwa wiki na kulifuta pengo kabisa. Australia na New Zealand, ambako kusafisha damu nyumbani kumeota mizizi kwa miongo mingi, wengi hufanya hivyo.

Mashine ndogo za nyumbani zimeleta hesabu nyingine inayowachanganya watu. Mashine ya kituoni hupitisha mililita 500 za maji kwa dakika, sawa na lita 120 kwa saa nne. Mashine kama System One ya NxStage, iliyoidhinishwa Marekani kwa matumizi ya nyumbani mwaka 2005, hutumia maji machache zaidi, pengine lita 20 au 30, lakini huyapitisha polepole hadi yanakaribia kujaa taka. Kwa mashine ya aina hii, kinachotawala dozi ni lita za maji kuliko kasi ya damu. Mtu wa kilo 70 ana takriban lita 40 za maji mwilini. Akitumia lita 25 zilizojaa taka kwa asilimia 90, atakuwa amesafisha lita 22 na nusu, zaidi kidogo ya nusu ya mwili. Kwa siku sita dozi hiyo inaridhisha, maana mwanzo wa kila kipindi ndipo taka zinapotoka kwa wingi, na nusu sita zina thamani kubwa kuliko nzima tatu. Kwa siku nne haitoshi. Kwa mtu wa kilo 110 hata siku sita zitakuwa na mashaka. Akiambiwa na mwenzake kwamba lita 25 zinamtosha, asidhani ameshapewa mpangilio wake. Kwa ratiba zisizo za mara tatu, mwongozo ule wa 2015 unatumia kipimo cha wiki nzima, kinacholenga 2.3 na kisichotakiwa kushuka chini ya 2.1. Na hata kipimo hicho kikifikiwa, swali la fosfeti na la kasi ya kuvuta maji bado lipo pale pale. Mtu anayefika 2.1 kwa saa mbili na nusu kila siku bado anaweza kuwa na fosfeti ya juu, na dawa yake ni kupunguza kasi ya maji na kuongeza saa kwa lita zile zile au zaidi kidogo.

Wapo wataalamu wenye pingamizi la haki. Wanasema utafiti mkubwa wa HEMO, uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ukiwa na wagonjwa 1,846, uliongeza dozi na haukupunguza vifo. Ni kweli. Lakini kundi la dozi kubwa lilisafishwa takriban nusu saa tu zaidi ya kundi la kawaida. Sehemu kubwa ya nyongeza ilikuwa kasi na vichujio. Mimi nausoma utafiti huo kama ushahidi kwamba kuongeza kasi kumefika ukingoni, na swali la saa haukuligusa sana. Watasema pia kwamba utafiti wa TiME, uliotoka mwaka 2019, ulilinganisha saa nne na robo na muda wa kawaida, ukasimamishwa bila faida. Tazama dakika zenyewe: kundi moja lilipata wastani wa dakika 216 na jingine 207. Dakika tisa haziwezi kuamua jambo hili kwa upande wowote. Udhaifu ninaoukubali ni mwingine. Matokeo ya Tassin, na mengi ya usiku nyumbani, yanatoka kwa watu waliochagua wenyewe njia hiyo, ambao huenda walikuwa na afya na msaada wa familia kuliko wengine. Sehemu ya uzuri wa takwimu zao ni yao wenyewe, si ya saa.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwenye tafiti za FHN za Marekani na Canada, ambazo ziligawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Ule wa mchana, wa mwaka 2010 wenye wagonjwa 245, ulilinganisha siku sita na siku tatu kituoni. Kundi la siku sita lilipata moyo uliopungua unene, afya bora ya mwili na presha iliyoshuka, lakini mishipa ya mkononi ilihitaji matengenezo mara nyingi zaidi, kwa kuwa inachomwa maradufu. Ule wa usiku ulipata wagonjwa 87 tu, haukuonyesha faida ya wazi, na walipofuatiliwa miaka kadhaa baadaye, vifo vilikuwa vingi zaidi upande wa usiku mara sita. Idadi ni ndogo na wengi walishabadilisha njia kati, hivyo siwezi kusema mashine ndiyo iliyoua. Lakini jambo moja lilionekana ambalo haliwezi kupuuzwa: waliosafishwa usiku mara nyingi walipoteza haraka mkojo wao uliokuwa umebaki. Figo inayotoa hata glasi mbili za mkojo kwa siku inafanya kazi ambayo hakuna mashine inayoiiga, na inafanya saa zote 168. Kwa hiyo hoja yangu ina mpaka. Mwenye mkojo wa kutosha aanze kwa siku chache, mkojo upimwe kila baada ya miezi michache, na saa ziongezwe kadiri unavyopungua. Kumpa mtu kama huyo usiku sita kwa wiki tangu mwanzo ni kumzidishia dawa.

Kuna wanaosema, kwa uchungu wa haki, kwamba saa ni maisha. Mtu ana kazi, watoto, shamba; kumwambia akae na mashine saa sita ni kumnyang'anya siku. Jibu la usiku linasaidia wengi kwa kuwa saa za kulala hazikuwa na kazi nyingine, lakini halimfai kila mtu, na lina masharti. Sindano ikichomoka kwa mtu aliyelala, pampu inayokwenda mililita 400 kwa dakika itamwaga lita mbili za damu kwa dakika tano. Inayokwenda 200 itamwaga lita moja. Zote ni hatari, ila ya pili inaacha nafasi ya kengele kumwamsha. Ndiyo sababu usiku hutumika kasi ndogo, plasta imara na kihisi cha unyevu kwenye sindano na sakafuni. Pia kuna mke, mume au mtoto mkubwa anayebeba nusu ya kazi bila malipo. Ratiba inayomchosha mtu huyo hadi akaugua imekosewa, hata kama vipimo vya maabara vinapendeza, na anayeandika cheti anapaswa kumuuliza naye pia. Tena wengine wanaposema hawana muda, wanasahau kuhesabu saa za kujilaza baada ya kipindi kikali. Madaktari wana swali zuri kwa ajili hiyo: baada ya kusafisha damu, inakuchukua muda gani kurudi hali yako ya kawaida? Anayejibu saa nane baada ya kipindi cha saa tatu ametumia saa 11.

Saa na siku zikishaamuliwa, vilivyobaki vinatafutwa polepole kwa wiki kadhaa, kimoja kimoja, ili ijulikane kipi kimeleta nini. Uzito mkavu, yaani uzito wa mtu asiye na maji ya ziada, hushushwa gramu mia chache kila mara hadi presha itulie na miguu isivimbe. Mgonjwa akinenepa baada ya kuanza kula vizuri, unapandishwa. Sodiamu ya maji ikizidi ile ya damu yake, ataondoka na kiu na kurudi amevimba. Potasiamu ya chini mno kwenye maji huivuta ile ya damu kwa ghafla na kuushtua moyo. Kupoza maji kidogo kunawasaidia baadhi ya wale wanaoanguka presha, ingawa utafiti mkubwa wa MyTEMP wa Ontario, uliotoka mwaka 2022, haukuona faida ya kuwapoza watu wote, na waliopozwa walilalamikia baridi mara nyingi zaidi. Hapo ndipo mipaka ya mamlaka inapohitajika. Mgonjwa aliyefunzwa anaweza kukaa saa moja zaidi siku aliyokunywa sana, au kupunguza kasi ya kuvuta maji misuli inapoanza kukaza, kama alivyokubaliana na daktari. Potasiamu, kalsiamu na heparini asiziguse bila simu. Wanaohofia kumwachia mgonjwa tarakimu zozote wanasahau kwamba yeye ndiye aliyepo saa tisa usiku, naye ndiye mwenye daftari la presha na uzito wa kila siku.

Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki mashine ya nyumbani bado ni jambo la mbali. Inataka umeme wa kuaminika, maji yaliyochujwa hadi kiwango cha juu, fundi, na muuguzi wa kupokea simu usiku. Wengi wanasafishwa kituoni, na wengi wao mara mbili tu kwa wiki. Bima ya afya ya taifa ya Kenya, NHIF, ililipia vipindi viwili, na bila bima hata hivyo viwili huuza mifugo na viwanja. Anayekwenda Jumatatu na Alhamisi hukaa siku nne kutoka Alhamisi hadi Jumatatu, pengo refu kuliko lile lililowatisha watafiti wa Marekani. Kwa mgonjwa huyu hoja ya saa ina nguvu zaidi, maana idadi ya siku hawezi kuibadili. Chumvi na vinywaji vipungue sana kabla ya pengo refu, mkojo uliobaki ulindwe dhidi ya dawa za maumivu zinazoumiza figo, na saa nne zilizoandikwa zitimie zote. Mara nyingi ni hizo za mwisho zinazopotea, kwa sababu kituo kimejaa, gari la kurudi linaondoka, au mgonjwa mwenyewe amechoka na anaomba atolewe. Anayetolewa dakika 20 mapema kila mara, mara mbili kwa wiki, hupoteza karibu saa 35 kwa mwaka. Hivyo ni vipindi vinane kamili na zaidi, na pesa yake imeshalipwa.